Kifaa Kisichoitika

Kitu cha kwanza ninachokikumbuka katika nchi ile ni vidole.

Vilikuwa kwenye picha, ukutani, nyumbani kwa Bi Lavernia, mzee niliyekwenda kumtumikia. Picha zilikuwa kumi na mbili, na kila picha ilikuwa na mtu mmoja tu. Huyu ameshika kombe, yule amevaa joho la chuo, mtoto ana nishani shingoni. Wote wanacheka. Lakini ukisogea karibu, begani kwa kila mmoja kulikuwa na vidole vinne visivyo na mwenyewe. Vimetokea nyuma, vimeshika bega, basi. Mkono hauonekani, na mtu hayupo.

Nilidhani ni ugonjwa wa watu wa kule, nikawa nawaangalia mabega njiani.

Baadaye nikaelewa. Katika nchi ile kuna Sheria ya Picha. Mtu akishinda jambo lazima aonekane peke yake, kwa sababu ameshinda peke yake. Picha ikishapigwa inapelekwa Ofisi ya Kukata. Mama anakatwa, baba anakatwa, mwalimu anakatwa, wote wanaingia kwenye pipa. Mikasi yao ni mizuri sana. Tabu ni vidole. Huwezi kukata kidole kilichoshika bega bila kukata bega lenyewe, na bega ni mali ya mshindi. Basi vidole vinaachwa, na raia wanafundishwa tangu wadogo kutoviona.

Nchi yenyewe sitaitaja. Wenyewe wanaiita Nchi tu, kama vile sisi wengine tunaishi uani kwao.

*

Uwanja wa ndege wa kule una mistari miwili, Mstari wa Watu na Mstari wa Vifaa. Katika Mstari wa Watu niliona mzee amesimama na mjukuu aliyezaliwa humo humo mstarini. Mstari wa Vifaa ulikuwa mfupi na unakwenda mbio. Mjomba wangu Shomari, aliyekuwa kule miaka tisa akipangusa sakafu za uwanja huo, alinionyesha njia kwa kidevu.

"Pita huku, mwanangu," alisema. "Ule mwingine wanakuuliza wewe ni nani, na wakishakuuliza wanakaa miaka saba kusikiliza jibu."

Afisa aliniangalia mbele, akanigeuza akaangalia nyuma, akamwuliza Mjomba kama nina kelele. Mjomba akasema sina. Alisema kweli. Niliacha shule darasa la tano, na katika miaka hiyo mitano mwalimu alisikia sauti yangu mara mbili tu. Akinisimamisha nisome, maneno yanakwama kooni na darasa zima linacheka. Kwetu ilikuwa aibu. Kule afisa aliandika kwenye fomu: "Kifaa cha kusaidia mzee, kinatembea chenyewe, hakina kelele, kimoja." Akapiga mhuri wa Daraja la Kwanza, akanifunga kibandiko mkononi chenye namba 4417.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufaulu kitu.

*

Nisiseme mabaya tu. Nchi ile ina mambo makubwa, nao hawachoki kukueleza.

Kwanza, watu wote ni sawa. Maneno hayo yameandikwa kwa herufi za shaba juu ya mlango wa mbele wa kila ofisi. Mimi nilikuwa napita mlango wa nyuma, kwa hiyo nilichukua miezi minane kuyasoma. Hata mkuu wa nchi wanamwita kwa jina lake la utotoni, kama mtoto wa jirani, naye anawapungia mkono akiwa nyuma ya kioo kisichopitisha risasi.

Pili, wana uhuru. Duka la mtaani kwetu lilikuwa na aina mia moja na sita za mkate. Nilizionja nyingi. Zote ni mkate ule ule. Lakini kila mtu lazima achague, tena mwenyewe, na haruhusiwi kusema yoyote tu itanifaa. Nilimwona mwanamke mmoja amesimama mbele ya rafu akilia bila sauti. Nilidhani ana njaa. Wakaniambia anatumia uhuru wake.

Tatu, wana matumaini. Wizara yao kubwa kuliko zote ni Wizara ya Kesho. Wizara ya Leo iliwahi kuwepo, ikafungwa kwa kuvunja watu moyo. Wakikutana njiani wanasalimiana, "Mambo mazuri kupindukia?" na jibu ni "Kupindukia!" halafu kila mtu anakwenda zake. Jirani yetu Bwana Feltoni alijibu "Kupindukia!" asubuhi ile aliyotoka kumzika ndugu yake, na udongo ulikuwa bado kwenye viatu.

Kwa huyu Bwana Feltoni ndipo nilipojifunza jambo la nne. Mchana mmoja niliona moshi unatoka jikoni kwake. Nilikuwa nimeshashika ndoo, Bi Lavernia akanizuia kwa fimbo yake.

"Ameomba?" aliniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Basi ukivuka ule uzio utakuwa umemvunjia uhuru wake."

Tukasimama dirishani. Bwana Feltoni naye alikuwa nje, na kindoo kidogo cha kumwagilia maua, anamwaga, anarudi kuchota, huku anatabasamu. Alipotuona akatupungia mkono, nasi tukampungia. Jiko likaungua lote na nusu ya sebule. Kesho yake akatuletea kadi yenye maua ya rangi, akitushukuru kwa kutokuja.

*

Bi Lavernia alikuwa na miaka sabini na saba nilipofika. Kwa miaka arobaini alikuwa mwalimu wa somo linaloitwa Mimi. Kule ndilo somo kuu. Watoto wanafundishwa kujisimulia maisha yao bila kumtaja mtu mwingine. Hawasemi "nilizaliwa", kwa sababu neno hilo linamwingiza mama. Wanasema "nilianza". Hawasemi "nilifundishwa", wanasema "nikajua". Kitabu cha somo hilo, pamoja na sheria zilizomo, alikuwa anakijua chote kwa moyo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka maandishi madogo ya chini.

Lakini mgongo wake ulikuwa umekataa kuinama. Kwa hiyo kila asubuhi nilipiga magoti nikamfunga kamba za viatu, mafundo mawili, maana moja lilikuwa linalegea kwenye ngazi za jikoni. Nilimwogesha. Nilimkatia mkate alioteseka kuuchagua. Yote haya hayakuhesabika kuwa msaada. Sheria ya kule inasema mtu anayetumia miwani, fimbo au kifaa cha kusaidia mzee bado amesimama peke yake, kwa sababu miwani si mtu, fimbo si mtu, na kifaa si mtu.

Mwanzoni aliniita kwa kengele. Mwezi wa tatu kengele ikaharibika. Akabaki amenitazama kwa shida, kama mtu aliyesahau jinsi ya kufungua mlango, halafu akaniuliza kwani kwetu walikuwa wananiita nani. Nikamnong'oneza.

"Sikudani," akajaribu.

"Abee," nikasema.

Akauliza hiyo abee ni nini. Sikuwa mtu wa kueleza mambo, lakini hili nililijua. Nikamwambia kwetu mtoto wa kike akiitwa na mkubwa anaitika abee. Hasemi "nini" wala "nakuja". Kwanza anaitika, ili aliyeita ajue kwamba kuna mtu. Mengine yanafuata.

Kisha akaita tena.

"Sikudani."

"Abee, bibi."

Hakuwa na la kunituma. Alitaka kusikia tu.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo mchezo wetu. Ananiita akiwa bafuni, akiwa kitandani, akiwa jikoni anaangalia ndege kwenye dirisha la sinki, na mimi namwitikia nilipo. Sauti yangu iliyomkatalia mwalimu darasani haikumkatalia yeye hata siku moja. Abee ni neno dogo, hata mimi naliweza.

Siku moja nilikuwa namkausha mikono, akanishika kidole cha pili, akagusa kovu lake. Nikamwambia nilijikata kwenye mbuzi ya nazi nikiwa na miaka saba. Akalitazama lile kovu, kisha akainua macho ukutani, kwenye picha yake ya ujana, ile ya joho. Akaitazama mpaka maji yakapoa.

"Vile vidole ni vya mama yangu," alisema.

Ukuta ule alikuwa ameuona kila siku kwa miaka hamsini.

*

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Preskoti. Kule mtoto akifika miaka kumi na minane anafanyiwa Sherehe ya Kutolewa. Kunakuwa na keki, wageni, na begi moja. Mama anamsukuma mtoto nje kwa mkono wake mwenyewe, anafunga mlango kwa ufunguo, na wageni wanapiga makofi. Mtoto akigonga, haruhusiwi kufunguliwa. Wengi hawagongi.

Bi Lavernia aliniambia hili siku moja mvua inanyesha, bila mimi kumwuliza.

"Preskoti aligonga mpaka keki ikaisha," alisema. "Walinisifu sana kwa kuwa sikufungua."

Sasa Preskoti alikuwa mkubwa mahali fulani mbali, na alimpigia mama yake simu kila mwezi kwa dakika kumi na moja. Dakika ya kumi na moja kengele inalia upande wake na simu inakatika yenyewe, hata kama mama yuko katikati ya neno. Nilizoea kumwona Bi Lavernia akimalizia sentensi kwenye simu iliyokufa. Hakutaka iharibike.

*

Raia wa kule akifika miaka themanini anajaribiwa. Siku hiyo inaitwa Siku ya Kusimama. Akifaulu anapewa cheti na nishani, na anabaki nyumbani kwake mpaka mwisho. Akishindwa, yaani ikionekana kwamba amewahi kusaidiwa na mtu, anachukuliwa jioni hiyo hiyo na kupelekwa Kijiji cha Tabasamu. Langoni pameandikwa "Hapa Wanaishi Waliosaidiwa." Watoto wa shule wanapelekwa kila mwaka kuwatazama kupitia uzio ili waogope. Bi Lavernia alikuwa amewapeleka yeye mwenyewe, mara arobaini.

Siku yake ilipokaribia alianza kuamka akiwa amekunja ngumi. Wiki moja kabla, tukiwa jikoni, alinishika mkono juu kidogo ya kile kibandiko.

"Usikubali wanipeleke kule," alisema. "Niapie."

Nikaapa kwa kuinamisha kichwa tu. Lakini kiapo ni kiapo, na mimi sijawahi kumwapia mtu mwingine.

*

Mkaguzi Mkuu wa Kujitegemea, Bwana Dunstoni, alifika saa nne asubuhi akiwa na vifaa vinne. Kimoja kilimwendeshea gari, kimoja kilimbebea mkoba, kimoja kilimfungulia mlango, na kimoja kilikuwa cha kumkumbusha jina la mwenye nyumba. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Bi Lavernia, lakini kwa sheria ya kule hakutakiwa kukumbuka. Akamwita Lavernia, kama mtu wa rika lake, kwa sababu watu wote ni sawa.

Akasimama katikati ya sebule akahutubia, ingawa tulikuwa sisi tu. Alisema Nchi ilijijenga yenyewe. Alisema wengine duniani wameegemeana kama magunia ghalani, ukitoa moja yote yanaanguka, lakini hapa kila mtu ni nguzo. Alisema yeye mwenyewe alifika alipofika bila kushikwa mkono na yeyote. Hapo akanyoosha kiganja bila kutazama, na kifaa cha mkoba kikaweka kalamu iliyokwisha kufunguliwa.

Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa. Preskoti alikuwa ametoa dakika zake kumi na moja za mwezi ule ili asikilize mama yake akifaulu.

Jaribio la kwanza lilikuwa kusimama dakika moja. Akasimama. La pili lilikuwa kuchagua mkate. Akachagua wa ishirini na nane, kama tulivyofanya mazoezi. La tatu lilikuwa kutabasamu kwa dakika tano bila sababu, na jirani Bwana Feltoni alialikwa kuja kushuhudia kutoka upande wake wa uzio. Mimi nilikuwa ukutani chini ya zile picha, nimeshika sinia.

La nne lilikuwa Kujisimulia.

"Nilianza," akasema Bi Lavernia, na sauti ilikuwa ile ya darasani. Nikatembea. Nikajua kusoma. Nikajenga nyumba hii. Nikalea mwanangu akawa mtu. Mkaguzi alikuwa anatingisha kichwa kwa furaha, midomo yake inamfuata, maana maneno yale alifundishwa na huyo huyo. Ilibaki sentensi moja ya kufungia: na hapa nimesimama kwa mikono yangu miwili.

Bi Lavernia akatazama chini, kwenye viatu vyake.

"Na hapa nimesimama," alisema. "Viatu nimefungwa na Sikudhani."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina langu sawasawa. Nadhani alifanya mazoezi peke yake.

Kalamu ya mkaguzi ikasimama. Akauliza Sikudhani ni kitu gani. Bi Lavernia akasema si kitu, ni jina, na akanyoosha fimbo kunionyesha mimi. Kwenye simu Preskoti akaanza kusema haraka haraka kwamba mama amechoka, mama anachanganya maneno, labda hilo ni jina la kiti.

Bwana Dunstoni alitaka sana afaulu. Mkoa wake ulikuwa haujawahi kutoa mtu aliyeshindwa. Akafungua kitabu, akatafuta, akapata. Akasoma kwa sauti kwamba kifaa kikidaiwa kuwa na jina, kiitwe mara tatu. Kikiitika, ni mtu, na mwenye nyumba amesaidiwa. Kisipoitika, ni kifaa, na madai yafutwe kama uchovu wa uzee.

"Haya, Lavernia," alisema kwa upole. "Kiite. Utaona hakuna mtu."

Bi Lavernia akanigeukia.

"Sikudhani."

Aliita kama anaomba chumvi. Mtoto wa kike wa kwetu anaitika kabla hajafikiri. Hutafuti abee, inatoka yenyewe, kama mkono unavyojiondoa kwenye moto. Nikaubana ulimi kwa meno. Nilikiona kile Kijiji na uzio wake, nikaona watoto wa shule wakimwonyesha kidole, nikakumbuka alivyonishika mkono jikoni. Nikatazama sinia.

"Sikudhani."

Hii ilikuwa ile sauti ya bafuni, ya mchezo wetu.

Abee ikapanda mpaka nyuma ya meno. Nikaimeza. Ilishuka inaniumiza kama mfupa.

Mara ya tatu aliita polepole sana, na hakuwa anamtazama mkaguzi wala simu. Alikuwa ananitazama mimi tu.

"Sikudhani, mwanangu."

Sikuitika.

"Mnaona?" ikasema simu. "Niliwaambia ni kiti." Kengele ikalia upande wa pili, simu ikakatika.

Bwana Dunstoni akapiga makofi, na vifaa vyake vinne vikapiga makofi. Nje, Bwana Feltoni akapiga makofi kwenye uzio. Wakamvalisha nishani. Wakati wa kupigwa picha magoti yake yalilegea, nikaacha sinia nikamshika bega kwa nyuma. Mpiga picha wa gazeti, aliyeingia wakati huo, akasema haidhuru, watanikata.

*

Nilifikiri tutakunywa chai baada ya hapo. Nilitaka kumwambia kwamba nimetimiza kiapo.

Bwana Dunstoni akafunga kitabu na kutangaza jambo la mwisho, kwa furaha ile ile. Alisema mtu aliyethibitishwa na Nchi kwamba amesimama peke yake hahitaji kifaa, na kumwachia kifaa ni kumtukana. Kwa hiyo kifaa 4417 kinarudishwa bohari ya uwanja wa ndege sasa hivi.

Nilimtazama Bi Lavernia nikingoja ashtuke. Hakushtuka. Alikuwa amekaa kwenye kiti, nishani imemvuta nguo upande mmoja, anatazama ukuta wa picha.

Niliomba kwa mikono nimkazie kamba za viatu kabla sijaondoka. Mkaguzi akacheka kwa upole, akasema tangu sasa anazifunga mwenyewe, cheti kinasema hivyo. Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuniita. Alikuwa ameshaita.

*

Bohari ya vifaa iko chini ya uwanja wa ndege. Tulikaa humo kwa mafungu, wa kulea watoto upande huu, wa kuosha vyombo upande ule, tunangoja ndege za kwetu. Siku ya kumi na moja Mjomba Shomari akashuka na gazeti. Mimi nasoma polepole, kwa hiyo alinisomea.

Bi Lavernia alianguka kwenye ngazi za jikoni. Kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka. Alikaa sakafuni siku mbili kabla ya kufa. Gazeti lilimhoji jirani, Bwana Feltoni, naye akasema alimsikia vizuri sana, siku zote mbili, kwa sababu dirisha la sinki lilikuwa wazi.

"Alikuwa anaita neno moja tu, nisilolijua," alisema Bwana Feltoni. "Hakusema msaada. Angesema msaada ningefikiria. Nisingeweza kumvunjia uhuru wake."

Kwa ustahimilivu huo walimpa nishani Bwana Feltoni pia. Juu ya habari, kwa herufi nene, waliandika: "Shujaa Asimama Mpaka Mwisho." Wizara ya Kesho ilituma salamu za pongezi. Preskoti alisema dakika kumi na moja kwenye mazishi.

Mjomba alikunja gazeti. Halafu akatoa mfukoni kijitabu, ile sheria ya Siku ya Kusimama, alichookota akifagia. Alisema amekisoma chote kwa sababu jambo lile lilikuwa linamkera. Akanisomea maandishi madogo ya chini ya ukurasa wa mwisho. Yanasema aliyefaulu atanyang'anywa kifaa chake siku hiyo hiyo. Na yanasema aliyeshindwa atakwenda Kijiji cha Tabasamu pamoja na kifaa chake, waishi chumba kimoja, kwa kuwa hicho si kifaa tena, ni mtu wake.

Nikamwomba anisomee tena. Akanisomea.

Sheria ile imo katika kitabu cha somo la Mimi, alichokifundisha Bi Lavernia miaka arobaini. Alikijua mpaka maandishi madogo ya chini. Alikuwa ameniapisha kwa hofu, wiki moja kabla, lakini katika hiyo wiki moja alifikiri. Alipotamka jina langu mbele ya mkaguzi alikuwa ameshachagua, na safari hii hakuwa anachagua mkate. Nyumba, dirisha la sinki na heshima yote alikuwa ameviweka pembeni. Alinibakiza mimi. Na mimi, kwa kushika kiapo, nikamwachia nyumba.

*

Sasa niko kwetu Lindi. Watu wananiuliza habari za kule, na vijana wanataka kujua kama ni kweli mtu anaweza kuwa chochote anachotaka kwa nguvu zake mwenyewe. Huwa nainamisha kichwa nacheka kidogo, wanaridhika. Wananijua ni mtu wa aibu. Wala sijamwambia mtu yeyote kwamba nchi ile naichukia, na nyumba zake zenye uzio, na mkasi wake, na lile tabasamu lake. Mjomba Shomari tu ndiye anayejua, naye hajaniuliza.

Ile picha ya gazeti ninayo. Ameivaa nishani, anatazama mbele, peke yake kabisa. Begani kwake kuna vidole vinne. Cha pili kina kovu la mbuzi ya nazi.

Uliniita mara tatu nikiwa hatua nne kutoka kwako. Halafu ukaniita siku mbili ukiwa sakafuni, sijui mara ngapi. Nimechelewa, na husikii, na hapa nilipo hakuna anayejua naongea na nani. Lakini sauti imetoka.

Abee, bibi.

Abee.